Nusu Kidonge

Huku kwetu Usambara, mtu akilalamika kwamba siku tatu hajapata usingizi, hakosi wa kumtania: "Angalia, usije ukapelekwa Lutindi." Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao ili yaishe. Lakini utani huo una historia ndefu nyuma yake, na nadhani ndio unaowafanya watu wazima wafiche vidonge ndani ya debe la unga. Nataka kusimulia habari za kidonge kimoja kinachofichwa hivyo. Kinaitwa amitriptilini, na kwa kawaida humezwa nusu.

Tuanze na Lutindi yenyewe. Iko upande wa Korogwe, kwenye milima hii hii ya Usambara Magharibi. Mwaka 1896 Wajerumani wa chama kimoja cha Kikristo walifungua pale makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 mahali hapo pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, nyumba ya kwanza ya namna hiyo katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lushoto wakati huo ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal, mji wa baridi ambako wazungu walipanda kupumzika joto la pwani. Waliohudumu Lutindi walifungamana na Bethel, karibu na Bielefeld kule Ujerumani, ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa amekuza kijiji kizima cha wagonjwa wa kifafa na wa akili. Dawa yao kubwa ilikuwa kazi: jembe, ng'ombe, useremala, na sala. Hospitali ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na chai inalimwa pale.

Usidhani waliacha vidonge kwa kupenda. Mwaka 1904 daktari wa mahali popote duniani alikuwa na vitu vichache vya kumlaza mgonjwa: chumvi ya bromidi, kloral iliyoanza kutumika mwaka 1869, na veronal, dawa mpya kabisa ya Wajerumani iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia madukani. Zote zililaza kweli. Na zote, ukizidisha, zilikuwa na njia ya kukulaza moja kwa moja.

Sasa turuke mpaka miaka ya 1940. Huko Ulaya wakemia walikuwa wakitafuta dawa za mafua na mwasho, zile za kuzuia histamini. Unaijua Piriton? Nani asiyeijua! Mtoto akiwashwa anapewa, na nusu saa baadaye amelala. Sababu ni kwamba histamini ina kazi nyingine ndani ya ubongo, nayo ni kutuweka macho. Ukiizuia, macho yanakuwa mazito. Kampuni ya Geigy ya Uswisi ikatengeneza dawa kadhaa za jamii hiyo. Moja alipelekewa daktari Roland Kuhn, wa hospitali ya akili ya Münsterlingen, aijaribu kwa wagonjwa wake. Haikuwatuliza wale waliochanganyikiwa kama ilivyotumainiwa. Lakini wale waliokuwa wamezama katika huzuni, wasiokula wala kusema, wakaanza kuinuka. Kuhn akatangaza habari hizo mwaka 1957. Dawa hiyo ni imipramini, na amitriptilini ni ndugu yake wa karibu, iliyoingia soko la Marekani mwaka 1961.

Hapo biashara nayo ikaingia. Mwaka huo huo wa 1961 daktari mmoja Mmarekani, Frank Ayd, alitoa kitabu cha kuwafundisha madaktari namna ya kumtambua mgonjwa wa huzuni. Kampuni ya Merck, yenye dawa hii mkononi, ikanunua nakala 50,000 na kuwagawia madaktari. Mimi ninayeota siku moja kuona riwaya yangu imechapwa nakala elfu moja, hesabu hiyo niliisoma mara mbili.

Huku kwetu dawa ilifika kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977, amitriptilini ilikuwemo. Miaka ya 1980 Tanzania ikajaribu kuipeleka huduma ya akili hadi zahanati, ikianzia Morogoro na Kilimanjaro, ili mgonjwa asisafirishwe mpaka Mirembe kule Dodoma kwa jambo linaloweza kutibiwa karibu na kwao. Wazo zuri sana. Ndivyo kidonge cha hospitali kubwa kilivyopata njia ya kwenda mitaani.

Kipimo ndicho kiini cha habari hii. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa huzuni huhitaji kama miligramu 75 hadi 150 kwa siku, na wiki kadhaa za kusubiri kabla moyo haujaanza kuwa mwepesi. Kwa usingizi hupewa 10, au nusu ya kile cha 25, naye hulala usiku wa kwanza. Sababu ni ile ile histamini: dozi ndogo inatosha kuifunga. Huzuni haiguswi. Kwa maneno mengine, dawa iliyoanzia kwenye ukoo wa dawa za mafua, ikapandishwa cheo kuwa ya huzuni, ikikatwa nusu inarudi kwao na kuwa binamu wa Piriton.

Shangazi yangu alipewa nusu hiyo. Alikuwa amefiwa na mumewe, akawa kila usiku anaamka saa nane na kukaa macho mpaka majogoo. Kwenye zahanati hakuulizwa habari za msiba. Aliambiwa, "Mama, hiki kitakupa usingizi," na kwenye daftari lake pakaandikwa neno refu, kisha nusu, usiku. Akalala kweli, ingawa mdomo ulimkauka na asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama gunia la viazi. Baadaye jirani aliyesomasoma akalifunua daftari, akasema, "Shangazi, hii si ya vichaa hii?" Akaiacha siku ile ile. Usiku ukarudi. Akaanza kumeza kwa siri, na usiku mmoja akameza viwili vizima, akaanguka akienda chooni. Tulimkuta amekaa kwenye umande.

Vidonge viwili havikumuua, tushukuru. Lakini amitriptilini nyingi huvuruga mapigo ya moyo mpaka kuua, na kwa wazee hata kidogo huleta kizunguzungu, kuanguka na mkojo kugoma. Debe la unga ambalo watoto hulifikia si mahali pake.

Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu dawa za huzuni kwa watu wasiopata usingizi. Kwa doksepini na trazodoni walipata ushahidi kidogo, tena hafifu, wa kusaidia kwa muda mfupi. Kwa amitriptilini, inayotolewa sana, hawakupata jaribio la kutegemea. Sisemi kwamba haifanyi kazi. Shangazi alilala, mimi ni shahidi. Ninalosema ni kwamba nusu kidonge kiliwapa watu wote nafasi ya kunyamaza. Mganga hakuuliza, shangazi hakusema, nasi nyumbani tukafurahi kwamba halii usiku. Kama alichokuwa nacho ni huzuni ya kutibiwa, basi alipewa dawa yake kwa kipimo kisichoifikia.

Chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kabla ya kidonge mgonjwa afundishwe mazoea: aamke saa ile ile kila siku, na asipolala aondoke kitandani aende chumba kingine hadi usingizi uje. Wengine huongeza kwamba aache chai jioni, huku Usambara, ambako chai ya rangi inanywewa mpaka moto uzimike! Nilimsomea shangazi yote haya. Akasikiliza kwa adabu, akauliza, "Chumba kingine kipi, mwanangu, cha mbuzi?" Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunieleza jinsi marehemu alivyokuwa akikohoa saa nane, kila usiku, naye akiamka kumpa maji.