Nani Alilisha Dar es Salaam?

Kisa hiki kilianza na njaa ya mtu ambaye hayupo. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Shujaa wangu ni kijana wa Kilosa, anashuka kwenye treni stesheni ya Dar es Salaam mwaka 1983, mfukoni ana shilingi chache, tumboni hana kitu tangu jana. Kalamu ikagoma hapo hapo. Ale wapi? Ale nini? Amlipe nani?

Historia niliisoma hadi kidato cha nne, na mtihani nilifaulu. Namjua Sultani Majid aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Najua Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, na Waingereza waliutwaa mwaka 1916. Lakini watu wa mji huo walikuwa wanakula wapi? Kimya. Ukisoma vitabu vile utadhani watu wa Dar kwa miaka yote hiyo walikuwa wanaishi kwa hewa na hotuba.

Basi nikafunga daftari, nikatoka. Siku saba nilikula nje. Hoteli kubwa zenye mlinzi mlangoni niliziacha. Nilifuata migahawa midogo na viwanda vidogo vya mikate, pale ambapo mwenye mali ndiye anayepokea hela na kufuta meza. Mshiko wenyewe ulikuwa haba, kwa hiyo siku nyingine mchana nilipiga pasi ndefu ili jioni nipate nauli na sahani moja ya maana. Nilichokula nimeshakisahau. Nilichojifunza ndicho nataka tugawane.

Nilianzia Kisutu, upande ambao wazee bado wanauita Uhindini. Chai ya maziwa, kachori mbili na chatine. Nikiwa nasubiri nikaanza kuhesabu maneno. Meza niliyoegemea, jina lake limetoka kwa Wareno. Sahani imetoka kwa Waarabu. Chai na chapati vimekuja na watu wa Bara Hindi. Yaani historia yote ya pwani imepangwa pale mbele yangu, na mimi naisubiri ipoe. Hata neno mgahawa, au mkahawa kama wengine wanavyosema, ni mtoto wa kahawa. Kabla halijawa jina la mahali pa kula lilikuwa jina la mahali pa kunywa na kuongea.

Lakini usidhani watu walikaa meza moja. Mji ulikatwa vipande vitatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wajerumani walianza, Waingereza wakaja kukaza kamba kwa kanuni za ujenzi. Ile hoteli kubwa ya Wajerumani iliyoitwa Kaiserhof, ambayo Waingereza waliibatiza New Africa, ilikuwa na Waafrika wengi sana ndani yake. Walikuwa jikoni, walikuwa wamebeba trei. Kama walikuwa na njaa, walivuka kwenda upande wao.

Upande wao ulikuwa Kariakoo. Wengi wetu tunalitamka jina hili kila siku bila kulifikiria. Limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wengi katika vita ile hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi, kuhara kukiwa mojawapo, na chakula kibovu kiliwamaliza nguvu. Sasa fikiria, soko kubwa kuliko yote nchini, mahali ambapo jiji zima linakwenda kutafuta kitoweo, limebeba jina la watu waliolishwa vibaya mpaka wakafa. Mimi nilipolifahamu hilo nilikuwa na mchuzi mkononi. Nikauweka chini kidogo.

Kwenye hii mitaa ya Kariakoo ndipo Waafrika walipojipikia mji wao. Washihiri, yaani Waarabu waliotoka Hadhramaut, walikuwa na vijiduka na walijulikana kwa kahawa. Wauza kahawa walipita na mabirika yao wakigonganisha vikombe, na kashata pembeni. Barazani watu walikaa wakabishana. Timu ya Yanga ilizaliwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, zote za maskani haya haya. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Sina hati ya kuonyesha kwamba siasa ya uhuru ilipikwa kwenye birika la kahawa. Lakini niambie, watu wa nyumba za vyumba sita, kila chumba familia moja, wangekutania wapi kama si barazani na mgahawani?

Serikali ya kikoloni nayo iliujua uzito wa tumbo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula mjini kiligawiwa kwa mgawo, na mgawo wenyewe ulifuata rangi ya mtu. Vita ikaisha, bei hazikushuka. Septemba 1947 makuli wa bandarini waligoma, na mgomo ukasambaa hadi mikoani. Vitabu vinasema walidai mishahara. Ni kweli, lakini mshahara wa kuli ni nini kama si ugali ambao haujasongwa bado?

Siku ya nne ndiyo iliyonibadilisha. Nilisikia kuna kiwanda kidogo cha mikate Ilala kinachooka kwa tanuri la kuni. Nilifika alfajiri, saa kumi na moja kasoro. Mlango ulikuwa wazi, joto linatoka kama pumzi ya mnyama. Ndani mzee mmoja na vijana wawili, wamekuwa weupe kwa unga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka skonzi au unataka kazi? Kazi hakuna."

Nikamwambia nataka skonzi, na kama ana nafasi nataka na maneno. Akacheka. Akanionyesha gunia nikae.

Mzee huyu aliingia kwenye kazi ya mikate akiwa mtoto, miaka ya 1960, kufagia unga kwa tajiri wa Kigoa. Wagoa walikuwa mafundi wa mikate Pwani na Visiwani, anayejua kukanda anajua. Akapanda kutoka ufagio hadi kinu, kutoka kinu hadi tanuri. Tajiri alipoondoka nchini, yeye na wenzake wakaendelea. Akanieleza kazi yenyewe ilivyo. Unga unakandwa jioni na hamira, unaachwa uumuke, unakatwa, unaumuka tena. Kuni zinawashwa ndani ya tanuri lenyewe mpaka matofali yanashiba moto, halafu majivu yanafagiliwa nje na mkate unaingizwa kwa koleo refu la mti. Hakuna kipimo cha joto. Fundi anatupa kiganja cha unga sakafuni mwa tanuri na kuuangalia unavyobadilika rangi. Ukiungua mara moja, subiri. Ukiwa wa kahawia, ingiza.

"Miaka ile ya sabini," akasema, "tuliambiwa tufunge virago. Inakuja mashine ya Wazungu, inaoka yenyewe, binadamu wa kubonyeza tu."

Hilo nalithibitisha, maana kisa hicho kinajulikana. Miaka ya 1970 nchi yetu, kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji ambalo watu waliliita NMC, ilijenga Dar es Salaam kiwanda cha mikate cha kujiendesha chenyewe, kwa msaada wa Kanada na mitambo ya huko huko. Andrew Coulson alikieleza katika kitabu alichohariri mwaka 1979. Hoja yake ni rahisi hata kwa asiyesoma uchumi. Viwanda vidogo vilivyokuwepo vingeweza kuongeza mikate kwa fedha kidogo za kigeni na kwa kuajiri mikono mingi zaidi. Tena haya yalifanyika wakati tunaimba Azimio la Arusha na kujitegemea.

Na ngano je? Nayo ina kisa chake. Kanada hiyo hiyo ilisaidia mashamba makubwa ya ngano Hanang'. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na maelfu ya ekari yakachukuliwa. Miaka ya 1980 walikwenda mahakamani kuidai. Kwa hiyo slesi aliyoipaka siagi mtu wa Upanga ilikuwa na kwato za ng'ombe aliyefukuzwa mkoani. Siandiki hivi kumchafua mtu. Naandika kwa sababu mkate haukui dukani.

Halafu ikaja dhiki. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta ghali, fedha za kigeni hakuna. Bei nyingi zilikuwa zimefungwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973, lakini bidhaa ya kuiuza kwa bei hiyo haikuonekana. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya mkate. "Unga ulikuwa wa kibali," mzee aliniambia. "Kibali unapata Jumatatu, ukifika ghalani unga umekwisha Jumapili. Tulioka siku mbili, tukalala siku tano." Mwaka 1983, mwaka wa shujaa wangu, ikapita kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na Sheria ya Nguvukazi ikatungwa. Ukikamatwa mjini huna kazi inayotambuliwa, unaweza kupandishwa gari upelekwe kijijini. Kijana wangu wa Kilosa angekula haraka haraka, huku anaangalia nyuma.

Lakini nani alikuwa amempikia? Jibu nililipata siku ya tano, karibu na bandari, chini ya turubai.

"Mama, nitilie wali maharage."

"Na dagaa nikuwekee, mwanangu?"

Nitilie. Ndilo hilo. Kutoka katika kauli hiyo ndipo lilipozaliwa jina la mama ntilie. Mama niliyemkuta alirithi sufuria kwa mama yake. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha chaki mwaka 1986 kwa sababu mshahara wa mwezi ulikuwa unakwisha kabla ya wiki kwisha, na mwiko ukawa unalipa kuliko chaki. Hakuwa peke yake. Mishahara ilipokufa miaka ile, wanawake wengi wa mji huu waliingia kwenye vitumbua, maandazi, uji na wali, wakabeba nyumba mabegani. Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kulegezwa, na chini ya Mzee Mwinyi ikafunguka zaidi, mpaka tukamwita Mzee Ruksa. Wachumi wanasema uchumi ulifunguliwa kutoka juu. Mimi naona ulikuwa umeshachungulia kutoka chini, mlangoni kwa mama mwenye jiko la mkaa.

Simtukuzi mtu bure. Uchafu upo. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia jijini, wauza vyakula wa barabarani walizuiwa, na waliougua waliugua kweli. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa maeneo yaliyopangwa. Kila zama mji umetaka kusafishwa, na kila zama wa kwanza kuondolewa ni sufuria. Maji safi na choo cha karibu ndivyo huja mwisho. Siku hizi wanaitwa mama lishe, jina zuri zaidi. Jina peke yake halichemshi maji.

Na wapo waliotoka kwenye meza ndogo wakawa wakubwa. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo hapa hapa Dar katikati ya miaka ya 1970, kisha akahamia kwenye kusaga nafaka. Leo unga wa Azam ndio mama wa maandazi anaoukanda usiku uchochoroni. Mgahawa mmoja ulizaa kinu, kinu kikalisha vijiko vingi vidogo. Basi asikwambie mtu kwamba biashara ya chai na chapati ni ya kubangaiza tu.

Siku ya saba nilirudi Ilala. Nilitaka kumuuliza mzee jambo moja kuhusu hamira. Akanijibu, halafu akaniambia kwamba kiwanja kimeuzwa, litapanda ghorofa. Mwisho wa mwaka tanuri linabomolewa.

"Utalihamisha?"

"Tanuri halihami, mwanangu. Ni udongo na matofali. Ukilibomoa ni kifusi."

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 270,000. Sensa ya 2022 imehesabu mkoa huu watu 5,383,728. Wote wanakula. Ghorofa lazima zijengwe, sibishi. Lakini mzee huyu hana hata karatasi moja inayosema alikuwepo. Hajapigwa picha mbele ya tanuri lake. Mama yule mwalimu amekwishafariki, na kilichobaki ni sufuria. Tukikaa tukisubiri wanahistoria wa chuo kikuu waje, watakuta kifusi.

Ndiyo maana nawaambia nyinyi mnaoandika, mnaohangaika na hadithi za mapenzi na majambazi, hebu nendeni kwenye chai ya asubuhi na daftari. Salimieni vizuri. Lipeni mnachokula, msizuge. Ulizeni mwenye mgahawa alianza lini, unga alinunua wapi, nani alikuwa anakaa kile kiti cha pembeni.

Mimi sura yangu ya kwanza imetembea. Kijana wa Kilosa ameshuka stesheni, amevuka barabara akifuata harufu. Amefika kwenye mlango ulio wazi alfajiri, ndani kuna watu weupe kwa unga. Leo ni moja ya zile siku mbili, wanaoka. Ana shilingi chache. Fundi amemwangalia miguu, ameona viatu vya safari, amempa skonzi mbili kwa bei ya moja.