Mwinamo, si Mteremko

Nililetewa mswada wa kitabu cha mazoezi ya Hisabati niupitie lugha. Katika sura ya mstari mnyoofu nikakuta swali hili: tafuta mlinganyo wa mstari upitao kwenye nukta (1, 5) wenye mteremko hasi 2. Nikaweka kalamu chini.

Kuteremka ni kwenda chini. Hakuna Mswahili anayeteremka kwenda darini. Mstari huo, ukiusoma kutoka kushoto kwenda kulia, unashuka kweli: kila x inapoongezeka 1, y inapungua 2. Kama neno lenyewe limekwisha kusema "chini", hasi imekuja kufanya nini? Mwanafunzi mwenye sikio la lugha atafuta kimoja kwa kingine, kama alivyofundishwa kwamba hasi mara hasi ni chanya, kisha atachora mstari unaopanda. Atanyimwa alama kwa kuwa anajua Kiswahili. Na mstari unaopanda wanauita wa "mteremko chanya", maneno ambayo hayawezi kukaa chumba kimoja. Tena mitaani mteremko ni kitu kilichopatikana bila jasho. Somo hili si mteremko kwa yeyote.

Istilahi ninayoitetea, na nimeitetea kwa miaka, ni mwinamo.

Tazama umbo lake. Kiambishi -am- katika vitenzi vya Kibantu hutaja hali au mkao wa kitu, si safari yake: simama, egama, gandama, inama. Kwa kanuni ile ile iliyotupa msimamo kutoka simama, na mwegamo kutoka egama, inama inazaa mwinamo bila kulazimishwa. Mzizi wake, -in-, ukivikwa -u- badala ya -am-, unatoa inua. Yaani kuinama na kuinua ni watoto wa tumbo moja, na kupanda na kushuka vyote vimo ndani ya mzizi huo kabla hatujaweka alama yoyote. Na mistari yenyewe imejipanga hivyo: ulio wima umesimama, ulio mlalo umelala, na yote iliyo katikati imeinama. Mnazi ulioinama ni huo huo kwa mkwezi anayeupanda na kwa mkwezi anayeshuka. Waarabu, ambao kwao tulipata nukta na hisabati yenyewe, hukiita kiasi hiki mayl, kutokana na kitenzi cha kuelemea upande. Hawakutaja kushuka.

Nimepingwa kwamba mnazi ukizidi kuinama unakaribia ardhi, ilhali mstari wenye mwinamo mkubwa unakaribia wima. Pingamizi hili ni la maana, nami sikulipuuza. Mnazi huanzia wima. Lakini sahani huanzia mlalo: inamisha sahani kidogo, mchuzi unasogea, inamisha zaidi, unamwagika. Paa nalo ni hivyo, na fundi wa makuti anajua kwamba paa lisipokuwa na mwinamo mkali litavuja. Mhimili wa x umelala, basi hesabu yetu ni ya sahani na paa.

Mtetezi mwingine wa mteremko alinitajia Wajerumani. Wao husema Steigung, yaani kupanda, na Steigung hasi haiwasumbui. Ni kweli, lakini kwao kupanda chanya kunapanda na kupanda hasi kunashuka. Neno na alama vinakubaliana. Mteremko umevigombanisha. Kama ni kuwafuata Wajerumani, tungesema mwinuko, na neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wanajiografia: Dodoma ina mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na bado unaweza kutembea humo mwendo mrefu juu ya ardhi iliyo karibu tambarare. Mwinuko mkubwa, mwinamo mdogo. Wako pia wanaotaka gredienti. Nalo lina asili yake, hatua ya Kilatini, ila mtoto wa Kiswahili halimwonyeshi kitu.

Matumizi yake hayana ugumu. Mstari wa swali lile una mwinamo wa −2, basi y − 5 = −2(x − 1), na ukipanga, y = −2x + 7. Mlalo una mwinamo wa sifuri. Wima hauna mwinamo, kwa kuwa hatugawanyi kwa sifuri.

Haya yote niliyaandika kwa kurasa mbili na kuyapeleka kwenye kamati moja iliyokuwa ikisanifu istilahi. Sikujibiwa kwa maandishi. Niliambiwa kwa mdomo, mlangoni, kwamba mteremko "umeshazoeleka". Umezoeleka kwa nani? Jometri ya aina hii hufundishwa sekondari, na sekondari zetu za Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiingereza. Neno lililokwisha kuzoeleka humo ni la Kiingereza. Kamati za namna hiyo zinajua kusikiliza zikitaka. Majira ya nukta, kama ile (1, 5), ni istilahi nzuri mno, kwa sababu mabaharia wa pwani walikwishaita majira uelekeo wa chombo. Aliyelichagua neno hilo alisikia lugha kwanza.

Mswada nimeurudisha. Kila penye mteremko nimeandika mwinamo, kwa wino mwekundu, na ninamwomba mhariri asiyarudishe ya zamani.