Kiti cha Isiolo

Ukitoka Leparua ukaenda Isiolo mjini, utalikuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Eusebio. Wengi wetu macho hukimbilia altare, lakini kinachofanya kanisa liitwe kuu si ukubwa wala mnara. Ni kiti. "Kathedra" ni Kigiriki, maana yake kiti, na ndicho askofu hukalia akifundisha. Mswahili halimpi shida hilo: kiongozi tunamwita mwenyekiti. Mzee wa Kiturkana naye hutembea na ekicholong, kigoda ambacho pia hulalia kichwa.

Mwaka 1995 Isiolo ilifanywa vikarieti, akakabidhiwa Luigi Locati, aongoze kwa niaba ya Papa. Alikuwa padre kutoka Vercelli, Italia, mji ambao askofu wake wa kwanza, karne ya 4, ni huyo huyo Eusebio. Julai 14, 2005, Locati aliuawa kwa risasi. Mwaka 2006 akateuliwa Anthony Mukobo.

Isiolo ikawa jimbo kamili 2023. Sasa askofu haongozi tena kwa niaba. Kiti ni cha Isiolo yenyewe. Ukiingia siku isiyo na misa, usikipite hivi hivi. Hata kikiwa kitupu, kinakumbusha aliyeuawa.