Hospitali ya serikali au ya mtu binafsi?



Mama yangu mdogo akiumwa kichwa tu, haraka hospitali ya binafsi. Lakini alipoambiwa ana tatizo la moyo, tukampeleka Muhimbili. Nikamtania: "Mama mdogo, leo umekubali ya serikali?" Akanijibu: "Kule nilikuwa nafuata kiti na kiyoyozi. Huku nimefuata daktari."

Jibu hilo limenifanya nifukue historia kidogo.

Mwaka 1897, chini ya Wajerumani, Dar es Salaam ilipata hospitali mbili: Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, na ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeifadhili, kwa Waafrika na Wahindi. Ugonjwa mmoja, milango miwili. Ndiyo maana baada ya Uhuru watu walitaka mlango mmoja wa wote. Likaja Azimio la Arusha 1967, halafu sheria ya 1977 iliyozuia watu binafsi kuendesha hospitali za biashara. Za mashirika ya dini zikaachwa. Matibabu serikalini yalikuwa bure, zahanati zikasambaa vijijini. Bibi yangu wa kijijini hakuwahi kuita zahanati "ya serikali". Aliita "yetu".

Kisha uchumi ukayumba: bei ya mafuta, vita ya Kagera ya 1978-79, na mengine. Kwenye dirisha la dawa jibu likawa "hakuna, kanunue nje". Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, madaktari wakaanza kufungua hospitali zao. Mwaka 1993 serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama. Hapo ndipo mawazo yetu yalipogeuka. Neno "binafsi", ambalo zamani lilinuka unyonyaji, likawa la kujivunia. Kumpeleka mzazi hospitali ya serikali ukiwa na hela kukaonekana kama kumtupa.

Oktoba 14, 1999 Mwalimu Nyerere alifariki London, katika hospitali ya St Thomas'. Wapo wanaokejeli mpaka leo: alizuia hospitali za binafsi, mwenyewe akatibiwa Ulaya. Wanachosahau ni kwamba St Thomas' ni hospitali ya umma! Kwa hiyo umma si lazima uwe ubovu.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Naiunga mkono, ila nina hofu moja. Sisi wenye kadi na midomo ya kulalamika tukihamia wote kwa watu binafsi, nani atapiga kelele dawa zikikosekana kwenye zahanati ya kina bibi? Mwandishi asiyekaa kwenye foleni ile hawezi hata kuiandika.

Mama mdogo anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Kichwa bado anatibu kule kwenye kiyoyozi.

Je, wewe ukizidiwa usiku wa manane, unakimbilia wapi? Na kwa nini?

Nawasilisha.