Taa ya omena

Taa ya omena ni taa ya kubebeka ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria, linaloitwa Nam Lolwe kwa Kidholuo, huiwasha juu ya maji usiku ili kuwakusanya samaki wadogo wa rangi ya fedha waitwao omena nchini Kenya, dagaa nchini Tanzania na mukene nchini Uganda. Samaki hao, ambao jina lao la kisayansi ni Rastrineobola argentea na ambao ni nadra kupita urefu wa sentimita 9, huufuata mwanga pamoja na vijidudu wa majini wanaowala, na leo ndio wanaochukua zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani. Mvuvi wa Kisumu, Mbita au Usenge, miji ya ufuoni upande wa Kenya, anayetafuta taa nyepesi ana mahitaji makali, maana taa ikimzimikia katikati ya ziwa hupoteza mapato ya usiku mzima na pengine hata njia ya kurudi ufuoni.

Mashua huondoka jioni, hasa katika siku za giza, yaani siku ambazo mwezi haupo au umechelewa kuchomoza, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya omena na kuuondolea mwanga wa taa nguvu ya kuwavuta. Kila taa hufungwa juu ya chelezo kidogo cha mbao au cha madumu ya plastiki, kikatiwa nanga ya jiwe na kuachwa peke yake gizani, huku mashua ikisogea mbele kwenda kutega nyingine. Samaki wakishajaa chini ya mwanga, wavuvi hurudi na kuuzungusha wavu, ambao kisheria macho yake hayapaswi kupungua milimita 10, kisha huivuta taa polepole hadi juu ya wavu ili omena waifuate, ndipo wavu unapokusanywa na kupakuliwa mashuani. Kazi hurudiwa taa kwa taa hadi alfajiri. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na usiku wake una takriban saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo taa isiyoweza kuwaka saa 10 au 11 mfululizo si taa ya omena, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa miongo mingi taa iliyotawala kazi hii ilikuwa karabai ya pampu. Muundo wake, ulioenezwa duniani kwa jina la Petromax na Max Graetz wa Berlin kuanzia mwaka 1910, husukuma hewa ndani ya tangi ili mafuta ya taa yapande, yageuke mvuke katika bomba lenye moto na kuwaka ndani ya kifuko cha utambi, ambacho ni kitambaa kilichotiwa chumvi za madini ya thoriamu na seriamu, kwa njia iliyobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria. Mwanga wake ni mweupe na mkali, na wazee wa ufuoni hawakosei wanapousifu. Hata hivyo karabai ya aina hiyo ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu ikiwa tupu, humaliza lita 1 ya mafuta kwa takriban saa 8, na kifuko chake, kikishaungua mara ya kwanza, hubaki jivu linalobomoka kwa pigo moja la wimbi, ilhali kioo kilichopata moto hupasuka kikidondokewa na mvua. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta, gharama ya kila usiku ziwani ilipanda kwa mvuvi asiyehusika kamwe na uchanganyaji huo. Miaka 10 kabla ya hapo, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilikuwa imeshafungua Mbita kituo cha kuchaji taa za betri kwa nguvu ya jua, wavuvi wakiwa miongoni mwa wateja waliokusudiwa.

Taa za LED, yaani zile ambazo mwanga wake hutolewa na kijipande kidogo cha kielektroniki kinachopitishiwa umeme, zimeliweka upya swali la wepesi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa kuupima uzito wa taa bila ya betri yake. Hesabu sahihi huanzia kwenye saa za giza. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 11 hula wati-saa 55, kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha wati na saa. Betri ya risasi na asidi huhifadhi takriban wati-saa 35 kwa kilo, tena haifai kutumiwa kupita nusu kila siku, hivyo usiku huo mmoja hudai betri ya zaidi ya kilo 3. Betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, inayohifadhi karibu wati-saa 100 kwa kilo na kuvumilia kutumiwa karibu yote, huhitaji kama gramu 700 tu. Kwa mashua ya taa 4, tofauti hiyo ni ya zaidi ya kilo 9, na anayeihisi ni kijana anayezipandisha taa begani kila asubuhi kutoka majini hadi mahali pa kuchajia. Kila taa huhitaji paneli ya sola ya wati 15 hadi 20 ili kujaa kwa siku moja ya jua la kawaida la Nyanza, eneo la Kenya linalopakana na ziwa.

Wepesi ukitafutwa kupita kiasi huleta hasara nyingine, kwani chelezo chepesi chenye taa ndefu hupinduka upepo wa usiku unapovuma. Betri ikae chini, karibu na usawa wa maji, na juu kibaki kichwa cha taa peke yake. Taa pia isipitishe maji: alama ya IP67 humaanisha kuwa vumbi haliingii na kwamba taa inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Lakini kwa kuwa alama huchapwa kwa urahisi, taa itumbukizwe kwenye beseni la maji kabla ya kulipiwa, na vipovu vikitoka kwenye maungio, irudishwe kwa muuzaji.

Wati zinazotajwa kwenye maboksi nazo zisiaminiwe. Kipimo cha haki ni kuiwasha taa nyumbani ikiwa imejaa chaji na kuitazama tena kunapopambazuka, kwa sababu nyingi huanza kwa fahari na kufifia kabla ya usiku wa manane. Karabai hutawanya mwanga pande zote, na sehemu kubwa hupotelea hewani. LED yenye kifuniko juu huuelekeza karibu wote majini, na hiyo ni sababu mojawapo ya wati chache kutosha. Maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, yaliyojaa mwani na tope, humeza haraka mwanga wa buluu, na mwanga mweupe, wenye rangi zote ndani yake, ndio unaofaa ghubani na pia katika maji maangavu zaidi ng'ambo ya kisiwa cha Rusinga. Taa moja ndogo ya ziada ibaki mashuani daima, ili mashua ionekane na vyombo vingine.

Uvuvi wa omena nchini Kenya hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, na betri nyingi hufa katika miezi hiyo minne ya kukaa bure. Ya risasi ihifadhiwe ikiwa imejaa na kuchajiwa tena kila mwezi. Ya lithiamu ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu, mahali pakavu penye kivuli. Taa ambayo betri yake imegundishwa ndani isiweze kufunguliwa na fundi wa soko la Kibuye mjini Kisumu isinunuliwe.