Bikoni na Jina la Kitongoji: Mafunzo ya Upimaji na Uchoraji Ramani katika Historia ya Tarime na Serengeti

Mpaka wa kaskazini wa wilaya ya Tarime ulichorwa kabla ya kupimwa. Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1886 kuwa mstari ulionyooka kutoka pande za Kilimanjaro hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na tume ya pamoja ikaja kuupima uwandani kati ya mwaka 1904 na 1906. Wakurya walikuwa wakiishi pande zote mbili za mstari huo, na hadi leo ndivyo walivyo. Wapimaji wale walitumwa kutafuta mstari. Majina ya vilima, vivuko na maboma yaliingia katika ramani kwa kadiri tu yalivyosaidia kuutambua.

Insha hii inahoji kwamba mwelekeo huo, yaani kuutanguliza mpaka na kuliacha jina nyuma, ulirithiwa na mafunzo ya upimaji baada ya uhuru, na kwamba athari yake imeonekana Mara kwa namna ambayo haikutazamiwa na walioandaa mitaala.

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama shule ya mafundi wa upimaji, kikahamia Observation Hill jijini Dar es Salaam mwaka 1958, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kujitegemea mwaka 2007. Vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora viliandaa mafundi wa ngazi za kati. Nje ya nchi kulikuwa na taasisi ya Delft, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1950 mahsusi kwa ajili ya wataalamu wa nchi zinazoendelea, na kituo cha Nairobi cha mwaka 1975. Msukumo wa mafunzo hayo ulieleweka vizuri: viwanja, hati, barabara, miji inayokua. Mpimaji alifunzwa kuwajibika kwa nafasi ya bikoni. Hakuna anayeweza kulaumu usahihi huo, hasa Tarime, ambako ugomvi wa koo juu ya mashamba na malisho umewahi kugharimu maisha.

Hata hivyo ardhi iliyokuwa ikipimwa haikutulia. Operesheni Vijiji, iliyofika Mara mwaka 1974, iliwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji vipya. Ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizotokana na picha za anga za kabla ya hapo zikabaki zikionyesha makazi yaliyohamwa. Kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951 na kurekebishwa kwa mipaka yake mwaka 1959 kulikwisha kuwaondoa wengine. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Serengeti, ameonyesha jinsi wazee wa magharibi mwa Serengeti walivyoendelea kuyataja kwa majina maeneo yaliyomo ndani ya hifadhi. Kumbukumbu hiyo ni ramani kwa maana kamili ya neno, ingawa haikuwa na mahali katika kitabu cha vipimo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilirudisha upimaji vijijini, lakini kwa njia ileile: cheti cha ardhi ya kijiji huhitaji mipaka. Vitongoji, njia za miguu na nyumba zilizo ndani ya mipaka hiyo havikuwa sharti.

Pengo hilo lilidhihirika kwa uchungu katika suala la ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa jinai. Msimu wenyewe huangukia zaidi Desemba, shule zinapofungwa. Taarifa ikifika kwamba msichana wa kitongoji fulani atakeketwa alfajiri, swali la kwanza kwa polisi na kwa nyumba salama ni kitongoji hicho kiko wapi na njia ipi inapitika usiku. Sheria ilikuwapo, ramani yenye jina hilo haikuwapo.

Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map, kwa ushirikiano na Rhobi Samwelly, mwasisi wa shirika linaloendesha nyumba salama za Mugumu na Butiama, umejaribu kuliziba pengo hilo kupitia OpenStreetMap. Watu wa kujitolea walio mbali hufuatisha barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti. Wanakijiji waliofunzwa kutumia simu huongeza majina. Mgawanyo huo wa kazi unageuza ngazi ya utaalamu juu chini. Mwenye kompyuta huko ng'ambo anaona paa, ila hajui ni zahanati au ghala. Anayejua ni mkazi.

Kumfunza mkazi si jambo jepesi kama taarifa za miradi zinavyopenda kueleza. Kikurya kina irabu saba, simu inaandika tano, na jina moja likaweza kuingia kwa tahajia mbili kama vijiji viwili. Majengo na Sokoni yako kila mahali nchini. Zaidi ya hayo, kukiandika kilima kwa jina la ukoo mmoja katika eneo linalogombewa ni kutoa hukumu bila kukusudia. Na ramani iliyo wazi kwa mwokoaji iko wazi pia kwa mzazi anayemsaka binti aliyekimbia. Mambo haya yanadai mafunzo ya maadili na ya historia ya mahali, ambayo hayapatikani katika saa chache za kujifunza programu.

Mfano wa kuunganisha elimu hizo mbili upo. Katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazofurika, wakiandika mitaro na majina ya mitaa. Wanafunzi walipata uwanja, wakazi wakapata ufundi. Lakini mitaa hiyo ilikuwa mwendo wa daladala kutoka darasani. Mugumu ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na mkazi aliyeongeza majina ya vitongoji vyote vya kijiji chake bado hana cheti chochote kinachomtambua katika ofisi ya ardhi ya wilaya, ambako ramani ya mpaka wa kijiji hichohicho imehifadhiwa.