Baharini au ziwani? Historia ya kubahatisha wanyama wa Tanganyika

Kilibula, Uvira – Leo tuanze na mchezo. Nitawaeleza picha tatu, na kila mmoja ajibu: mnyama huyu ni wa bahari au wa ziwa?

Picha ya kwanza ni mnyama mviringo kama kisahani kidogo. Mwili wake ni laini na unaona hadi ng'ambo yake kama kioo, na pembezoni ana nyuzi nyembamba nyingi. Hana mfupa hata mmoja, na ukubwa wake ni kama wa sarafu. Picha ya pili ni konokono ambaye gamba lake limezungukwa na miiba mirefu. Picha ya tatu ni samaki mdogo mweupe kama fedha, yule ambaye mama zetu wanamwanika juani na kumuuza sokoni: ndakala.

Ukijibu kwamba wawili wa kwanza ni wa bahari na ndakala ni wa ziwa, hauko peke yako. Wataalamu wakubwa wa Ulaya walifikiri karibu hivyo, na iliwachukua karibu nusu karne kuacha jibu hilo. Wote watatu wanaishi hapa hapa, ndani ya Ziwa Tanganyika.

Habari hii inaanzia mwaka 1858. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta mto Rusizi. Walitumaini kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda Nili. Wenyeji wakawaambia ukweli: Rusizi inaingia ziwani. Lakini Speke hakurudi kwao mikono mitupu. Alibeba magamba ya konokono na ya kombe za ziwa. Mwaka 1859, mtaalamu Samuel Woodward aliyachunguza huko London. Mmoja wa konokono hao alimpa jina la nassa, ambalo ni jina la konokono wa baharini, kwa sababu ya kufanana kwao.

Mwaka 1883, Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani yule mnyama wa picha ya kwanza. Kwa Kifaransa tunamwita meduza. Wakati huo, wengi waliamini kwamba meduza ni wa maji ya chumvi. Yule konokono wa miiba naye alikuwa amekwisha kupelekwa Uingereza na mmisionari Edward Coode Hore aliyeishi Ujiji, na hadi leo jina lake la kitaalamu ni Tiphobia horei.

Hapo ndipo J. E. S. Moore alipotoka na jibu lake. Alisafiri hadi ziwani mara mbili, mwaka 1896 na tena 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu kinachoitwa The Tanganyika Problem. Alilinganisha magamba ya konokono wetu na masalia ya konokono wa kale yaliyogeuka mawe, ya kipindi cha Jurasiki. Akasema: vinafanana, basi Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani kilichobaki katikati ya Afrika.

Jibu lilipendeza, lakini halikuwa kweli. Kuanzia mwaka 1903, meduza wa aina hiyo walipatikana katika mto Niger, kisha Ziwa Viktoria. Basi kuwa naye si ushahidi wa bahari iliyofungiwa Tanganyika. Msafara mwingine wa Waingereza, wa W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, ulizidi kuidhoofisha hoja hiyo. Leo wataalamu wa miamba wanakadiria umri wa ziwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, wakati Jurasiki iliisha kama miaka milioni 145 iliyopita.

Mbona basi konokono wetu wengi wanafanana na wa bahari? Jibu moja ni kaa. Ziwani kuna kaa wenye nguvu ya kuvunja magamba, na konokono wenye gamba gumu ndio waliopona na kuzaa, kizazi baada ya kizazi. Mambo hayo hayo hutokea baharini. Sura inaweza kufanana bila undugu.

Na ndakala? Hapa mchezo unageuka. Yeye ni wa jamaa ya sardini, na wazee wake wa mbali sana waliingia katika mito ya Afrika kutoka baharini, kabla hata ziwa halijakuwapo. Yule tuliyemdhania wa nyumbani kabisa ndiye ambaye ukoo wake wa baharini unajulikana vizuri.

Kuna pia picha iliyosaidia. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliona samaki wa ajabu kati ya samaki wa meli ya uvuvi. Akamchora na kumtumia mchoro mtaalamu J. L. B. Smith. Smith alishuku kuwa ni silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria. Alipofika Februari 1939, sehemu za ndani zilikuwa zimeshatupwa. Akachapisha karatasi zenye picha na zawadi ya pauni 100, zikasambazwa mwambao wa Afrika Mashariki na visiwani. Mwaka 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Anjouan, Komoro, alimvua mmoja, na mwalimu mmoja akamtambua kwa karatasi ile. Lakini wavuvi wa huko walikuwa na jina lake zamani: gombessa. Tangu 2003 amevuliwa Tanzania pia.

Ninaandika haya kwa sababu picha za viumbe wa ajabu zinazunguka katika simu zetu bila mahali wala tarehe, na watu wanaogopa kwenda majini. Meduza wetu, kwa mfano, hamdhuru mtu.

Ukikuta kiumbe usichokijua, weka mkono au kalamu kando yake kabla ya kupiga picha. Andika siku, mahali, kina na aina ya wavu. Uliza wavuvi wazee wanamwitaje, uandike jina hilo pia. Kisha umpeleke, akiwa mzima mwili wote, kwenye Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia hapa Uvira. Konokono wetu wanabeba majina ya Speke na Hore. Majina ya wengi waliopiga makasia na kuvuta nyavu hayakuandikwa.